Nani Alihesabu? Tasnifu za Uchumi na Namba za Kajiado

Barabara ya Namanga ikishatoka Kitengela hupita Kisaju kabla ya kufika Isinya, na kando yake mabango ya ploti za hamsini kwa mia yamekuwa mengi kuliko migunga. Mjini Kitengela, kama katika mji wowote wa Kenya ulio jirani na vyuo, duka la saiba linalotoa fotokopi na kufunga tasnifu kwa jalada gumu huongeza huduma nyingine kwenye orodha yake ya ukutani: uchanganuzi wa data. Mwanafunzi wa uzamili wa uchumi, ambaye mchana ni mwalimu au karani wa kiwanda cha Athi River na usiku ni mtafiti, hupeleka hapo faili ya Excel yenye miaka 30 au 40 ya namba. Siku chache baadaye hurudishiwa majedwali ya majaribio, michoro miwili mitatu na sura ya nne iliyokwisha kuandikwa. Mjadala kuhusu biashara hii huishia haraka kwenye maadili, na maadili yana nafasi yake. Kinachonishughulisha hapa ni kitu kingine: je, alichonunua ndicho alichokuwa amepungukiwa? Hoja yangu ni kwamba sicho. Kuendesha modeli ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika uchambuzi wa mfululizo wa muda. Sehemu nzito ni kujua kila namba ilizaliwaje, nani aliihesabu, kwa kipimo gani, na kipimo hicho kilibadilishwa lini. Msaada wa kazi hiyo haumo kwenye orodha ya ukutani, na kwa anayeandika kuhusu Kajiado, kaunti yenye miji hii, mara nyingi uko karibu zaidi na Kisaju kuliko na maktaba za Nairobi.

Tuanze na sababu ya mfululizo wa muda kuhitaji msaada wa pekee. Mtafiti anayehoji kaya 300 kwa wakati mmoja ana mashahidi 300 ambao, kwa kiasi kikubwa, hawakuambizana. Mwenye namba za miaka 40 ana shahidi mmoja aliyeulizwa mara 40, na kila jibu lake limebeba kumbukumbu ya jibu la jana. Mwaka 1926 mwanatakwimu wa Uingereza Udny Yule alionyesha hatari hiyo kwa mfano ambao hadi leo unachekesha: kati ya 1866 na 1911 kiwango cha vifo cha England na Wales na sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana vilikwenda sambamba kwa uhusiano wa karibu 0.95, na hakuna aliyeamini kwamba harusi za kanisani ziliua watu. Vyote viwili vilikuwa vikishuka, basi. Mwaka 1974 Clive Granger na Paul Newbold walitengeneza kwa kompyuta mifululizo isiyohusiana hata chembe, kila mmoja ukitangatanga kivyake, na rigresheni ikatangaza uhusiano takriban mara tatu katika kila nne. Dawa ilikuja polepole. David Dickey na Wayne Fuller walitoa mwaka 1979 jaribio la kutambua mfululizo unaotangatanga. Mwaka 1987 Robert Engle na Granger wakaeleza kointegresheni, wazo lililompa Granger tuzo ya Nobel ya 2003. Mfugaji wa Kaputiei, huku Kajiado, angelielewa bila fomula. Ng'ombe huenda mbali malishoni na ndama wake hubaki karibu na boma, na mchana kutwa huwezi kutabiri yupi yuko wapi. Lakini jioni ikifika hawalali mbalimbali. Kilichotulia ni umbali kati yao, si njia walizopita.

Tatizo ni kwamba dawa hizo zimegeuka kuwa tambiko. Fungua tasnifu ya uchumi iliyoandikwa Kenya katika miaka ya karibuni na mara nyingi utakuta msafara uleule: jaribio la Dickey na Fuller, kisha la Johansen au la mipaka ya Pesaran, kisha modeli ya kusahihisha makosa, kisha jaribio la Granger la nani alitangulia nani. Msafara huo hauna kosa. Kosa ni kuupitisha mahali ambapo hakuna njia. Chukua vigezo vitano vya kila mwaka kwa miaka 40 na uvipe vipindi viwili vya nyuma: kila mlinganyo unahitaji kukadiria viwango 11, na mfumo mzima 55. Hapo miaka 40 imetwishwa mzigo ambao punda wa Isinya angeugomea. Programu haigomi, hutoa majibu yenye desimali nne. Ipo pia hatari iliyofichuliwa na Pierre Perron mwaka 1989. Miaka saba kabla yake, Charles Nelson na Charles Plosser walikuwa wamechunguza mifululizo 14 ya uchumi wa Marekani na kuona 13 inatangatanga. Perron aliitazama upya akikubali kwamba mdororo wa 1929 ulivunja mstari, na 11 kati ya 14 ikaonekana tulivu. Namba zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni mtu kujua historia.

Kenya ina mivunjiko isiyohitaji mpelelezi. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40 huku shilingi ikiachiliwa ijitafutie bei sokoni. Mapema 2008 kulikuwa na machafuko ya baada ya uchaguzi. Novemba 2011 mfumuko ulikaribia asilimia 20, na Desemba Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi 18. Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 sheria iliweka kikomo cha riba za mikopo, kwa hiyo tasnifu inayopima namna mabenki yanavyoitikia soko katika miaka hiyo inapima, kwa sehemu, utii wao kwa Bunge. Kisha ikaja 2020 na korona yake. Mwanafunzi anayeyajua haya ataingiza mivunjiko kwa tarehe na sababu. Aliyekabidhi faili kwa mtu wa saiba hupata kile programu ilichobahatisha, au hapati chochote, maana mwuza huduma hakuulizwa.

Mivunjiko mingine haiko kwenye uchumi bali kwenye kalamu ya anayehesabu, na hii ndiyo inayopita bila kuonekana. Septemba 2014 Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilihamisha mwaka wa kizio wa Pato la Taifa kutoka 2001 hadi 2009, likaingiza shughuli zilizokuwa hazihesabiwi ipasavyo, na pato la 2013 likapanda kwa asilimia 25.3. Kenya ikaingia kundi la nchi za kipato cha kati bila kiwanda hata kimoja kuongezeka usiku huo. Mwaka 2021 kizio kikahamia 2016. Fahirisi ya bei nayo ilitoka kizio cha Oktoba 1997 kwenda Februari 2009, pamoja na fomula mpya ya kukokotoa wastani, kisha mwaka 2020 ikahamia Februari 2019. Anayeunganisha namba za vitabu vya zamani na vya sasa bila kuzioanisha hujitengenezea ngazi katikati ya mchoro, kisha huandika kurasa tatu akiieleza kwa sera ya fedha. Aliyepakua mstari uliokwisha kunyooshwa kutoka hazina ya Benki ya Dunia ana nafuu ya macho tu. Kiungo kimefichwa, hakijaondolewa.

Tukishuka hadi Kajiado yenyewe hali inakuwa ngumu zaidi, na kwa mtafiti inakuwa tamu zaidi. Kaunti ilianza kazi 2013. KNBS ilichapisha makadirio ya kwanza ya pato la kaunti mwaka 2019, yakianzia 2013, na hata ukiongeza matoleo yaliyofuata una namba za kila mwaka zinazoweza kuandikwa kwenye kiganja. Hakuna modeli ya kointegresheni itakayosimama hapo, na anayeuza moja anauza hewa. Ukitaka kurudi nyuma ya 2013 unakutana na wilaya ya Kajiado, ambayo kabla ya katiba ya 2010 ilikuwa tayari imeshaanza kukatwa vipande, Loitokitok na Kajiado Kaskazini vikijitenga. Idadi ya watu je? Sensa ya 1999 ilihesabu watu 406,054, ya 2009 ikahesabu 687,312, na ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Hizo ni hesabu tatu katika miaka 20. Safu ya kila mwaka ya idadi ya watu wa Kajiado unayoikuta katika majedwali imechorwa kati ya nukta hizo kwa hesabu ya ukuaji. Ukiifanyia jaribio la utulivu unaipima rula ya mwanatakwimu. Ukigawanya kila kitu kwa idadi hiyo ili upate wastani wa kila mtu, umeipaka rula hiyo kwenye kila kigezo ulicho nacho.

Bei ya ardhi ndiyo mada inayojileta yenyewe Kisaju. Barabara ya Athi River hadi Arusha iliyofunguliwa rasmi 2012, kugawanywa kwa ranchi za pamoja kuwa mashamba ya watu binafsi tangu miaka ya 1980, na watu wa Nairobi wanaotafuta mahali pa kujenga: vyote vinaita rigresheni. Kampuni ya HassConsult hutoa fahirisi ya bei za ardhi kila robo mwaka inayojumuisha Kitengela, na mwanafunzi huiona kama embe lililoiva. Kabla ya kulichuma aulize mambo mawili. La kwanza, je, bei hiyo ni ile iliyotangazwa au ile iliyolipwa? Kati ya hizo mbili hupita broka, mzee wa ukoo, na miezi kadhaa ya kupunguziana. La pili linahusu kipimo. Miaka ya nyuma kilichouzwa ukanda huu kilikuwa ekari, tena ekari nyingi kwa mkupuo. Leo kinachouzwa ni ploti ya hamsini kwa mia, yaani takriban thumuni ya ekari. Bei ya ploti ukiizidisha kwa nane huzidi kwa mbali bei ya ekari, kwa sababu ndani yake mna gharama ya mpimaji, njia ya kuingilia, hati ya kila kipande na faida ya aliyekata. Mfululizo unaoanza na ekari na kuishia na ploti unaonyesha kupanda kwa bei na kubadilika kwa bidhaa kwa pamoja, na hakuna programu itakayovitenganisha ikiwa safu hiyo imeandikwa tu "bei kwa ekari". Broka yeyote wa Kisaju anaweza kukuambia biashara ya ploti ilianza kuipiku ya ekari karibu mwaka gani. Huo ni msaada wa ekonometria, hata kama anayeutoa hajawahi kulisikia neno hilo.

Bei za mifugo zinafundisha zaidi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 za maeneo kame na nusu kame, Kajiado ikiwemo, yenye bei ya ng'ombe, mbuzi, mahindi na maziwa, pamoja na ubadilishano wa mbuzi mmoja kwa kilo za mahindi. Miezi 150 ya namba hizo ni jambo tofauti kabisa na miaka 40. Lakini tazama kinachotokea ukame unapoingia, kama 2009 au misimu mitano mfululizo ya mvua zilizokosekana kuanzia mwishoni mwa 2020. Bei ya "ng'ombe" huanguka. Sehemu ya anguko hilo ni soko, na sehemu nyingine ni kwamba ng'ombe anayeuzwa si yule wa mwaka jana, huyu ana mbavu za kuhesabika. Wanyama waliokufa hawana bei, kwa hiyo hasara kubwa kuliko zote haimo kwenye safu. Serikali ikiingia kununua wanyama waliodhoofika, kama ilivyofanya 2009 kupitia Tume ya Nyama, KMC, iliyo pale Athi River, bei ya wanyama hao ni ya ofisi. Mvua zikirudi kila mwenye jike hulishikilia, wauzaji wanakuwa wachache, bei inaruka, na tasnifu isiyojua hivyo itaandika kwamba mvua huongeza mahitaji ya nyama. Ongeza miezi ambayo soko hufungwa kwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Katika faili, miezi hiyo ni matundu. Mtu wa saiba huyaziba kwa mstari ulionyooka kutoka mwezi wa kabla hadi wa baada, kwa sababu programu haipendi matundu, na kwa kufanya hivyo huupa mfululizo utulivu ambao soko la Ilbissil halikuwahi kuwa nao.

Kwa hiyo msaada unaofaa una sura gani? Kwanza, uje mapema. Shirika la Utafiti wa Uchumi Afrika, AERC, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1988, limewalea watafiti wake kwa mtindo huo: pendekezo hujadiliwa kwenye warsha mbele ya wenzao na wataalamu kabla namba hazijapikwa, kisha hujadiliwa tena kazi ikiwa katikati. Makosa mengi ya mfululizo wa muda hufanyika katika kuchagua kipindi, kizio na kipimo, na yakishafika sura ya nne hayana daktari. Pili, utoke kwa watu tofauti kwa maswali tofauti: ofisa wa NDMA aulizwe sampuli ya masoko ilibadilika lini, KNBS iulizwe maelezo ya mbinu, broka na mchuuzi wa mifugo waulizwe bidhaa yenyewe ilikuwa nini, na mtu wa modeli aje mwisho. Tatu, kuna namba ndefu ambazo mwanafunzi wa Kajiado huzisahau kwa sababu hazimo kwenye vitabu vya uchumi. Makadirio ya mvua ya CHIRPS, yanayochanganya setilaiti na vipimo vya ardhini, yanarudi hadi 1981 na ni ya bure. Uoto wa nchi unapimwa na vihisi vya MODIS vilivyo kwenye setilaiti tangu 2000, picha 23 kwa mwaka. Mvua ya Kisaju kwa zaidi ya miezi 500 ni mfululizo ambao haukusubiri kaunti kuzaliwa. Programu za kuuchambua, R na gretl, nazo hazilipiwi.

Mtu atasema haya ni maneno ya mwenye nafasi. Mwanafunzi anafanya kazi, msimamizi wake ana foleni, karo inakimbia. Akimlipa mtu amfanyie hesabu, ana tofauti gani na daktari anayemlipa mwanatakwimu achambue majaribio ya dawa? Sehemu ya pingamizi hilo naikubali. Kugawana kazi si udanganyifu, na mtafiti hahitaji kuweza kuandika programu ya Johansen kwa mkono. Ila daktari yule humtaja mwanatakwimu wake, hukaa naye mezani tangu utafiti unapopangwa, na anaweza kueleza wagonjwa walipatikanaje. Anayenunua sura ya nne hawezi kueleza namba zilivyopatikana, wala aliyemwuzia hawezi. Wala ujuzi wa kompyuta haujapungua nchini. Kenya imejulikana duniani kwa vijana wanaowaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani kazi zao za chuo, hadi filamu ya The Shadow Scholars ikatengenezwa juu yao mwaka 2024, na England ilikuwa imeshapitisha sheria ya kuwaadhibu wauzaji wa huduma hiyo 2022. Nchi inayoweza kuandikia tasnifu bara jingine haina uhaba wa watu wa modeli.

Pingamizi la pili ni jipya: mashine za akili unde sasa huandika amri za R kwa sekunde, hueleza kila jaribio, na zinaweza hata kukukumbusha kwamba KNBS ilibadilisha kizio. Ni kweli, na ni habari njema kwa pochi ya mwanafunzi. Lakini ile sehemu ambayo mashine imeifanya kuwa ya bure ndiyo ileile iliyokuwa rahisi tangu mwanzo. Mashine hujibu kinachoulizwa kwa kilichoandikwa mahali fulani. Mwezi ambao soko la Isinya lilifungwa na msaidizi wa ukusanyaji akajaza bei ya mwezi uliotangulia haukuandikwa popote, isipokuwa kwenye kumbukumbu ya watu waliokuwepo.

La tatu ndilo zito, na silipi jibu kamili. Watahini wenyewe wanalitaka tambiko. Mwanafunzi akileta mchoro safi, maelezo ya kina ya data na rigresheni moja ya unyenyekevu, jopo litauliza kointegresheni iko wapi. Akileta msafara mzima juu ya namba 28 za mwaka atapongezwa. Katika hali hiyo saiba inatoa kile soko linachoagiza, na kumlaumu mwuzaji peke yake ni kumpiga mbwa kwa kosa la mwenye boma. Ninachoweza kusema ni kwamba sura ya data haijakatazwa na kanuni yoyote ya chuo, na kwamba jaribio la mvunjiko, kama lile la Zivot na Andrews la 1992, linaweza kuingizwa kwenye msafara huohuo bila kumuudhi yeyote. Jopo nalo lina njia nyepesi ya kubadilisha mahitaji ya soko: lichague mstari mmoja kwenye kiambatisho, tuseme bei ya ng'ombe ya Septemba 2009, na liulize nani alihesabu na mnyama huyo alikuwa katika hali gani. Jibu linalotosha laweza kuwa fupi sana: mwezi huo ununuzi wa serikali ulichanganyika na bei ya soko, kwa hiyo umewekewa alama yake, na modeli imeendeshwa mara mbili, mara moja ukiwemo na mara nyingine ukiwa umeachwa nje.